Nani Humdhamini Nani? Sarufi Uhusika na Lugha ya Mikopo ya Nyumba Marekani

Utangulizi

Wakenya wanaoishi Marekani husaini mikataba yao ya nyumba kwa Kiingereza, ila mashauriano yanayotangulia saini hiyo aghalabu hufanywa kwa Kiswahili: kwa simu, nje ya kanisa au msikiti, na katika mikutano ya chama. Katika mashauriano hayo husikika kirai "mkopo wa serikali". Mtu ambaye benki imemkataa kwa sababu ya rekodi mbaya ya madeni huambiwa asikate tamaa, kwani upo mkopo wa serikali ambao hauangalii sana mambo ya nyuma. Anachotakiwa kufanya ni "kusafisha jina" kidogo, kisha serikali "itamdhamini".

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba virai hivyo vitatu vinawapanga vibaya washiriki wa tendo la kukopa, na kwamba mpangilio huo mbaya unaweza kumgharimu msemaji maelfu ya dola. Msingi wa uchanganuzi ni Sarufi Uhusika aliyoiasisi Charles Fillmore mwaka wa 1968. Nadharia hii hushikilia kwamba kila nomino hutekeleza jukumu fulani la kimaana kwa kitenzi chake, na kwamba jukumu hilo halibadiliki kwa sababu tu umbo la nje la sentensi limebadilika. Wapo watakaoona kwamba nadharia yenyewe imechakaa. Hata hivyo, swali lake la msingi, yaani nani anatenda, nani anatendwa na nani anatendewa, ndilo swali ambalo mkopaji anapaswa kuuliza kabla ya kutia saini.

Serikali haikopeshi

Tuanze na historia kwa ufupi. Mamlaka ya Nyumba ya Serikali Kuu ya Marekani, ijulikanayo kama FHA, iliundwa kwa sheria ya mwaka wa 1934, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Benki zilikuwa zikidai malipo makubwa ya kwanza na kutoa mikopo ya muda mfupi, na watu wengi walikuwa wamepoteza nyumba zao. Tangu mwaka wa 1965 FHA imekuwa chini ya Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji. Historia hiyo ina doa ambalo halifai kufichwa: kwa miongo kadhaa taratibu za FHA ziliwabagua Waamerika Weusi na mitaa yao, hadi sheria ya mwaka wa 1968 ilipopiga marufuku ubaguzi katika makazi.

FHA haimpi mnunuzi wa kawaida hata senti moja. Fedha hutolewa na benki au kampuni ya mikopo. Kazi ya FHA ni kuuwekea mkopo huo bima, ili mkopaji akishindwa kulipa, mkopeshaji afidiwe. Tazama sentensi zifuatazo:

(1) Serikali inamkopesha Mkenya.
(2) Serikali inamdhamini Mkenya.
(3) Benki inamkopesha Mkenya, na serikali inaikinga benki.

Sentensi ya (1) si kweli. Sentensi ya (3) ndiyo hali halisi. Utata upo katika sentensi ya (2), ambayo si uongo mtupu lakini humpeleka msikilizaji pasipofaa. Kiambishi cha mtendwa -m- kinamweka Mkenya mahali pa mnufaika, ilhali mnufaika wa moja kwa moja ni benki. Mkenya hunufaika kwa njia ya mzunguko tu: kwa kuwa benki imekingwa, inathubutu kumkopesha mtu ambaye isingemkubali.

Neno "dhamana" lenyewe huleta mzigo wake. Kwa Mkenya, mdhamini ni mwenzake katika sacco ambaye amekubali hisa zake zishikwe. Humjua, humpigia simu, humwomba subira. Naye mdhamini huyo humsukuma mkopaji alipe kwa sababu mali yake imo hatarini. Maana ya pili ni ile ya mahakamani, ambapo mshukiwa huachiliwa kwa dhamana akaenda nyumbani. Katika maana zote mbili kuna mtu anayesimama upande wa mwenye shida. FHA haisimami upande huo. Mkopaji akishindwa kabisa, nyumba huuzwa, naye hubaki na doa katika rekodi yake. Anayelipwa fidia ni mkopeshaji. Ni kweli kwamba taratibu za FHA humlazimu mkopeshaji kujaribu njia za kumnusuru mkopaji kabla ya nyumba kuuzwa, lakini hilo ni sharti alilowekewa mkopeshaji, nalo halifuti deni.

Kwa sababu hii, istilahi "mkopo uliowekewa bima na serikali" ni bora kwa mikopo ya FHA, licha ya urefu wake. "Mkopo wenye dhamana ya serikali" ibaki kwa ile mikopo ya wanajeshi na waliokuwa wanajeshi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka wa 1944, ambapo serikali kwa hakika hudhamini sehemu ya mkopo, na mnunuzi aghalabu hadaiwi malipo ya kwanza. Ipo pia mikopo inayodhaminiwa na Wizara ya Kilimo kwa maeneo ya mashambani na watu wa kipato cha chini na cha wastani. Hiyo haitajadiliwa hapa.

Jambo moja la kisheria linapasa kutajwa. Tangu tarehe 25 Mei 2025, maombi mapya ya mikopo ya FHA hayapokewi kutoka kwa mgeni asiye na ukaazi wa kudumu. Raia na mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu wanaendelea kuruhusiwa. Aliyeko Marekani kwa viza ya kazi, ambaye zamani angeweza kuomba, sasa hawezi. Na ushauri wa Kiswahili unaorithiwa kutoka kwa walionunua nyumba kabla ya tarehe hiyo utampotosha.

Bima: alipaye na akingwaye

Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, alipaye bima ndiye akingwaye. Mwenye gari hulipa bima, gari likaharibika akafidiwa. Bima ya FHA inatenganisha majukumu hayo mawili: mkopaji hulipa, benki hukingwa. Kiswahili kina kauli ya kutendea inayoweza kulieleza jambo hili kwa usahihi mkubwa: "Mkopaji huilipia benki bima." Kiambishi -i- cha mtendwa kinaitaja benki, na mnyambuliko -i- wa kitenzi unaifanya iwe mnufaika. Sentensi yenye maneno manne imesema kile ambacho mkataba husema kwa kurasa.

Tuchukue nyumba ya dola 250,000. Mkopaji mwenye alama za kutosha hulipa kwanza asilimia 3.5, yaani dola 8,750, na kukopa dola 241,250. Hapo hudaiwa bima ya mwanzo ya asilimia 1.75 ya mkopo, takriban dola 4,222, ambayo kwa kawaida huongezwa juu ya deni. Kisha hudaiwa bima ya kila mwaka, ambayo tangu Machi 2023 ni asilimia 0.55 kwa mkopo wa aina hii wa miaka 30. Nayo ni takriban dola 110 kila mwezi katika mwaka wa kwanza. Aliyelipa kwanza chini ya asilimia 10 huendelea kudaiwa bima hiyo muda wote wa mkopo. Aliyelipa asilimia 10 au zaidi husamehewa baada ya miaka 11. Njia ya kawaida ya kuepukana nayo mapema ni kuchukua mkopo mwingine usio wa FHA alama zikishapanda, jambo ambalo nalo lina ada zake na hutegemea kiwango cha riba cha wakati huo.

Msikilizaji wa "serikali itakudhamini" hatarajii ankara ya dola 110 kila mwezi. Mdhamini wa sacco hatozi ada. Msikilizaji wa "utailipia benki bima" angalau ataanza kuuliza ni kiasi gani na hadi lini.

Kukopesheka

Wasomi wengi wa istilahi wamehangaika na dhana ya Kiingereza inayojumuisha mkopo, sifa ya mkopaji na imani ya mkopeshaji kwa neno moja. Vyombo vya habari vya Kenya hutumia "historia ya mikopo", au husema tu kwamba mtu "amewekwa CRB". Lakini Kiswahili kinacho kitenzi ambacho tayari kinatumiwa sana katika mabenki ya Tanzania: "kukopesheka". Mzizi ni -kop-, ukafuatiwa na kauli ya kutendesha -esh- na kauli ya kutendeka -ek-. Anayekopesheka ni yule ambaye hali yake inaruhusu akopeshwe. Kauli ya kutendeka haitaji mtenda wala haitoi hukumu ya kimaadili. Inaeleza hali, na hali hubadilika. Ni ajabu kwamba waandishi wa Kenya hawajalichangamkia neno hili.

Nchini Marekani hali hiyo hupimwa kwa alama kati ya 300 na 850, kwa mfumo maarufu wa FICO uliotolewa mwaka wa 1989. Uzito mkubwa zaidi, asilimia 35, huwekwa kwenye ulipaji kwa wakati; asilimia 30 kwenye kiasi kinachodaiwa, hasa kikilinganishwa na kikomo cha kadi za mkopo. Kinachosalia hugawanywa kati ya umri wa akaunti, mikopo mipya na mchanganyiko wa aina za mikopo. Neno "alama" nalo linahitaji tahadhari. Msomi wa Kenya huliona kama alama za mtihani wa kitaifa, ambazo zikishatolewa zimetolewa. Alama za FICO hukokotolewa upya kila zinapoombwa, kutokana na ripoti ilivyo siku hiyo, na mashirika matatu ya Equifax, Experian na TransUnion yanaweza kuwa na ripoti tatu tofauti za mtu mmoja. Mkopeshaji wa FHA huchukua alama ya katikati. Mume na mke wakiomba pamoja, huchukuliwa alama ya katikati ya kila mmoja, kisha iliyo ndogo kati ya hizo mbili ndiyo inayoamua kama wanahitimu.

Kanuni za FHA zinasema mwenye alama 580 au zaidi anaweza kulipa kwanza asilimia 3.5. Mwenye 500 hadi 579 hulipa asilimia 10. Aliye chini ya 500 hakubaliwi. Kwa nyumba iliyotajwa, tofauti ya alama 579 na 580 ni tofauti ya dola 25,000 na dola 8,750. Isitoshe, hiki ni kiwango cha chini cha anayetoa bima, si cha anayetoa fedha. Wakopeshaji wengi hujiwekea masharti makali zaidi, na ni jambo la kawaida kukuta benki inayodai alama 620. Hapa tena sentensi ya (1) inapotosha: anayedhani serikali ndiyo inayokopesha ataona kukataliwa na benki moja kuwa ni kukataliwa na serikali, akaenda zake, ilhali angeweza kukubaliwa na mkopeshaji wa pili au wa tatu.

Asiye na alama kabisa, kama alivyo mhamiaji wengi wao ambaye hajawahi kukopa, si sawa na mwenye alama mbaya. FHA inaruhusu historia yake ijengwe kwa ushahidi wa miezi 12 wa kodi ya nyumba, umeme, simu na mfano wa hayo. "Hana alama" na "ana alama duni" ni kauli mbili tofauti, na mazungumzo ya Kiswahili huzichanganya mara nyingi mno.

"Kusafisha jina"

Kitenzi "safisha" ni cha kutendesha, na humhitaji mtenda. Uchafu upo, anakuja mtu, anauondoa. Sitiari hii ina chimbuko la haki nchini Kenya. Tangu kanuni za mwaka wa 2008 za mashirika ya kumbukumbu za mikopo zianze kutumika, Wakenya wamezoea kutafuta cheti cha kuonyesha kwamba hawadaiwi. Aidha, kati ya Novemba 2022 na Mei 2023, Benki Kuu ya Kenya iliendesha mpango ambapo wakopeshaji walitakiwa kupunguza angalau nusu ya madeni sugu ya simu yenye muda wa siku 30 au chini ya hapo, na kubadilisha hali ya wakopaji katika rekodi. Kwa watu hao, jina lilisafishwa kwa hakika, na msafishaji alijulikana.

Marekani haina msafishaji wa namna hiyo. Sheria ya mwaka wa 1970 kuhusu ripoti za mikopo inaruhusu taarifa mbaya za kweli kubaki kwa miaka 7, na kufilisika kwa hadi miaka 10. Kinachoweza kuondolewa kabla ya hapo ni kosa: deni la mtu mwingine mwenye jina linalofanana (na Wakenya wenye majina matatu yanayobadilishana nafasi kwenye karatasi wanalijua tatizo hili), malipo yaliyofanywa yakaandikwa hayakufanywa, akaunti moja iliyoorodheshwa mara mbili. Mkopaji huandikia shirika husika bila kulipa chochote, nalo kwa kawaida lina siku 30 za kuchunguza. Ripoti zenyewe hupatikana bure. Hivyo kitenzi kinachofaa ni "kusahihisha", kwa upande wa makosa, na "kujenga upya", kwa upande wa mengine. Cha kwanza humhusu mwandishi wa rekodi. Cha pili humhusu mkopaji mwenyewe na muda.

Kampuni zinazouza usafishaji hustawi katika pengo hilo la kimaana. Sheria ya mwaka wa 1996 inazikataza kutoza ada kabla ya kazi kukamilika, na inampa mteja siku 3 za kazi kuvunja mkataba. Anayedai fedha mbele, au anayeuza nambari mpya ya kutumia badala ya ile ya hifadhi ya jamii, anamtumbukiza mteja katika uvunjaji wa sheria.

Kuna hatari nyingine isiyojulikana sana. Kampuni hizo mara nyingi hupinga kila kitu kilichomo katika ripoti, cha kweli na cha uongo. Lakini kanuni za FHA zinasema kwamba akaunti mbaya zinazopingwa zikifikisha jumla ya dola 1,000, ukiacha za matibabu na za wizi wa utambulisho, ombi huondolewa kwenye mfumo wa kompyuta na kupelekwa kwa mtathmini wa kibinadamu, ambaye masharti yake ni magumu zaidi. Usafishaji uliokusudiwa kuharakisha mkopo ndio unaouchelewesha. Vivyo hivyo, si lazima kila deni la zamani lililopelekwa kwa wakusanya madeni lilipwe ndipo mtu akopesheke. Madeni ya aina hiyo, ukiacha ya matibabu, yakifika dola 2,000, mkopeshaji anaweza kuhesabu asilimia 5 ya salio kama malipo ya kila mwezi. Deni la dola 4,000 litahesabiwa kama dola 200 kwa mwezi. Ikiwa kipato kinastahimili, huenda ikawa afadhali kuhifadhi zile dola 4,000 kwa malipo ya kwanza, ingawa mithali yetu husema dawa ya deni kulipa. Deni lisilo na mjadala ni lile la serikali kuu yenyewe, kama vile kodi au mkopo wa elimu uliotelekezwa. Hilo lazima lilipwe au liwekewe utaratibu wa kulilipa unaokubalika. Aliyepoteza nyumba kwa kushindwa kulipa husubiri kwa kawaida miaka 3, na aliyefilisika kwa utaratibu wa kufutiwa madeni husubiri miaka 2.

Zawadi, mchango na chama

Sehemu hii ndiyo inayomhitaji zaidi mtaalamu wa Kiswahili. FHA inaruhusu malipo yote ya kwanza yatokane na zawadi ya jamaa, mradi aliyetoa aandike barua kuthibitisha kwamba hatarajii kurudishiwa, na fedha zionekane zilikotoka. Je, "mchango" ni zawadi? Katika harambee, jina la mtoaji na kiasi chake huandikwa katika daftari, naye aliyechangiwa hutarajiwa kuchanga siku ya mwenzake. Hakuna anayeliita deni. Hakuna pia anayelisahau. Kwa hakika barua inaweza kutiwa saini kwa moyo safi, kwa kuwa tarajio la kuchangiana si dai la fedha hizo. Hata hivyo, jamaa aliyetoa "karadha", neno la pwani lenye maana ya mkopo usio na riba, hawezi kutia saini barua hiyo bila kusema uongo, na uongo katika ombi la mkopo wa aina hii ni kosa la jinai.

Chama ni jambo tofauti. Mwongozo wa FHA unavitambua vikundi vya kuweka akiba vinavyoendeshwa na wanachama wenyewe kuwa chimbuko halali la malipo ya kwanza. Mkopeshaji hutakiwa kuthibitisha kwamba kikundi kipo, kimedumu kwa muda gani, na kwamba fedha zilizopokewa zilikusanywa polepole wala hazikukopwa. Sharti hili la mwisho linagawanya kitu ambacho Kiswahili hukiita kwa jina moja. Wanachama 12 wakiweka dola 500 kila mwezi na kupokezana, kila mmoja hupokea dola 6,000, na wote husema "nimepokea zamu yangu". Kwa anayepokea mwezi wa 12, fedha hizo ni akiba yake mwenyewe. Anayepokea mwezi wa kwanza ameweka dola 500 tu. Dola 5,500 ni za wenzake, na bado ana miezi 11 ya kuzirudisha. Jukumu la kimaana la nomino "zamu" limebadilika kutoka akiba hadi deni, na umbo la sentensi halijabadilika hata kidogo.

Daftari la chama kama hicho aghalabu huandikwa kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, na mkopeshaji asomaye Kiingereza atahitaji tafsiri. Mtafsiri atakutana na safu yenye kichwa "michango". Akiandika neno la Kiingereza litumiwalo kwa sadaka, mkopeshaji atauliza barua za zawadi za watu 11. Akiandika lile la akiba bila kuonyesha tarehe ya kila zamu, atakuwa ameficha deni pale lilipo. Inambidi aandike kila mwanachama aliweka kiasi gani kabla ya kupokea, na kiasi gani baada ya kupokea.